Ushuru wa forodha kwa ulichonunua mtandaoni: si nimeshalipa?

Umenunua viatu kwenye duka la mtandaoni lililoko nchi nyingine. Pesa imeshakatwa kwenye kadi, nauli umelipa, namba ya kufuatilia mzigo unayo. Wiki ya tatu unaletewa ujumbe: kifurushi kimefika, ila hakitatoka mpaka ulipie ushuru. Karibu kila mtu huuliza swali lilelile. Si nimeshalipa?

Umemlipa muuzaji, na umemlipa aliyekubebea mzigo. Deni lililobaki ni la serikali ya nchi uliyomo, na halikuanza siku uliyobofya kitufe cha kununua. Limeanza kifurushi kilipovuka mpaka. Ukinunua viatu hivyohivyo kwenye duka la mtaani, aliyehangaika na forodha ni mwenye duka. Alilipa, akaitia gharama hiyo ndani ya bei, nawe ukailipa bila kuiona. Ukiagiza mwenyewe, mwagizaji ni wewe, hata kama shehena yako yote ni pea moja ya soksi. Sheria nyingi za forodha hazina mlango maalumu wa "mtu wa kawaida aliyenunua kitu kimoja". Zina mwagizaji, mzigo na thamani yake. Mkanganyiko mwingi unaowapata wanunuzi wa mtandaoni unatokana na kutojua kwamba wameshavishwa joho hilo.

Neno lenyewe ni la zamani. Ushuru tumelipata kwenye Kiarabu, ambako *ushr* ni sehemu moja ya kumi, na forodha imetokana na *furda*, mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha mizigo. Fungu la kumi limebaki kwenye jina tu. Siku hizi kiwango chaweza kuwa sifuri kwa kitu kimoja na kuvuka theluthi ya thamani kwa kingine kilicho ndani ya boksi hilohilo.

Kile tunachokiita kwa mkato "ushuru" huwa ni tozo mbili au tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya kwanza ni ushuru wa forodha wenyewe, unaotozwa kwa sababu bidhaa imetoka nje. Shabaha yake ni mapato, au kuwakinga wazalishaji wa ndani, au vyote viwili. Ya pili ni kodi ya ongezeko la thamani, au kodi ya mauzo kwa nchi zinazoiita hivyo. Hii haina ugomvi na ugeni wa bidhaa. Ingetozwa hata kama kitu kingeuzwa hapohapo, na inakusanywa mpakani kwa kuwa muuzaji wa nje hakuikusanya. Kwa vitu kama pombe na tumbaku huongezeka ushuru wa bidhaa. Kutenganisha tozo hizi kuna faida, kwani msamaha wa moja si msamaha wa nyingine. Kompyuta na simu ni mfano mzuri: chini ya makubaliano ya bidhaa za teknolojia ya habari yaliyofikiwa mwaka 1996 ndani ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zilizojiunga ziliondoa ushuru wa forodha kwa vifaa vingi vya aina hiyo. Mtu anasikia "simu hazina ushuru", anaagiza, kisha anaduwaa kudaiwa kodi ya ongezeko la thamani kwa ukamilifu wake.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Tuseme kitu kimeuzwa dola 100, nauli ni 18, bima ni 2. Nchi inatoza ushuru wa forodha asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 20. Wengi hujumlisha 25 na 20, wakaweka akiba ya dola 45. Lakini nchi nyingi hukokotoa ushuru kwa thamani ya mzigo ukiwa umeshafikishwa mpakani, yaani bei, bima na nauli kwa pamoja, ile ambayo wasafirishaji huiita CIF. Kwa hiyo tunaanzia 120, si 100. Asilimia 25 ya 120 ni 30. Kodi ya ongezeko la thamani nayo inakokotolewa juu ya thamani hiyo ikiwa imeshaongezewa ushuru, yaani 150, na asilimia 20 yake ni 30 nyingine. Unadaiwa 60. Ndiyo, unatozwa kodi juu ya kodi, na hakuna aliyekosea hesabu; ndivyo sheria zilivyoandikwa. Marekani, Kanada na Australia zina utaratibu tofauti: ushuru wa forodha hukokotolewa bila kuingiza nauli ya kimataifa. Lakini kwa wengi duniani, kuchagua usafiri wa haraka wa ndege ni kupandisha na kodi pia. Kitu cha bei ndogo chenye nauli kubwa chaweza kutozwa kodi ambayo sehemu yake kubwa inatokana na safari.

Kiwango chenyewe cha asilimia kinatoka wapi? Kinategemea kitu ni nini, na swali hilo lina ubishi kuliko linavyoonekana. Kila bidhaa hupewa namba kutoka kwenye mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lenye makao yake Brussels. Mfumo huo, maarufu kwa herufi HS, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988 na una makundi zaidi ya 5,000. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia; kila nchi huongeza zake nyuma kadiri inavyotaka. Namba ikibadilika, kiwango nacho chaweza kubadilika. Mwaka 2003 mahakama ya biashara ya kimataifa ya Marekani ililazimika kuamua kama vikaragosi vya X-Men, wahusika wa hadithi za katuni, vilivyoagizwa na kampuni ya Toy Biz vilikuwa wanasesere au vitu vya kuchezea vya aina nyingine. Mwanasesere, kwa tafsiri ya wakati huo, alitakiwa awe na sura ya binadamu, na ushuru wake ulikuwa asilimia 12. Vitu vingine vya kuchezea vilitozwa asilimia 6.8. Kampuni ikadai viumbe wake si binadamu, na ikashinda. Mashabiki hawakufurahi, kwani hadithi yote ya X-Men ni watu wanaopigania kutambuliwa kuwa ni watu. Mwenye kuagiza soksi hatafika mahakamani, lakini funzo la kesi ile linamgusa: maelezo ya muuzaji kwenye karatasi ya nje ya kifurushi ndiyo yanayoongoza mkono wa ofisa. Ameandika "vifaa" au "sampuli" tu, ofisa atakisia, au atakizuia kifurushi mpaka aelezwe.

Jambo jingine linaloamua kiwango ni asili ya bidhaa, na asili si mahali ilikotumwa. Ni mahali ilikotengenezwa. Uingereza ilipotoka kwenye soko la pamoja la Ulaya mwanzoni mwa 2021, pande hizo mbili zilikuwa na mkataba wa biashara wenye ushuru sifuri, na wanunuzi wengi wakadhani mambo yamebaki kama zamani. Mkataba ulihusu bidhaa zenye asili ya pande hizo tu. Nguo iliyoshonwa China, ikakaa kwenye ghala la Uingereza, kisha ikauzwa kwa mteja wa Ufaransa, ilikuwa nguo ya China machoni pa forodha. Unapoona tovuti inaishia na herufi za nchi yenye mkataba na nchi yako, usiridhike hapo. Tafuta kitu kimetengenezwa wapi.

Halafu kuna habari ya vifurushi vidogo kusamehewa. Wanasheria wana msemo wa Kilatini usemao sheria haijishughulishi na vitu vidogo, na kutoka humo forodha wakapata *de minimis*, kiwango ambacho chini yake mzigo hautozwi. Mantiki yake haikuwa huruma. Kumkalisha ofisa afungue kifurushi na ajaze fomu kunagharimu kuliko kodi itakayopatikana. Mantiki hiyo ilisimama vizuri enzi vifurushi vikiwa vichache. Marekani ilipandisha kiwango chake kutoka dola 200 hadi 800 mwaka 2016, na katika mwaka wa fedha wa serikali wa 2024 vifurushi zaidi ya bilioni 1.3 viliingia kwa mlango huo. Umoja wa Ulaya nao ulikadiria vifurushi vya thamani ndogo vilivyoingia mwaka 2024 kuwa bilioni 4.6. Kwa idadi hiyo kidogo si kidogo tena, na wenye maduka ya ndani wanaolipa ushuru wa makontena walikuwa na haki ya kulalamika.

Basi milango ikaanza kufungwa. Australia ilianza tarehe 1 Julai 2018 kuwataka wauzaji wakubwa wa nje wakusanye kodi kwenye vitu vya chini ya dola 1,000 za huko. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vitu vya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani iliviondolea msamaha wa dola 800 vifurushi vya China na Hong Kong mwezi Mei 2025, kisha vya nchi zote tarehe 29 Agosti mwaka huohuo, kwa ghafla kiasi kwamba mashirika kadhaa ya posta duniani yalisimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko. Ushauri wa rafiki yako aliyeagiza miaka mitatu iliyopita bila kulipa senti huenda ulikuwa sahihi siku hiyo. Leo soma kanuni za nchi yako upya.

Mabadiliko hayo yameleta pia namna mpya ya kulipa. Baadhi ya maduka hukutoza kodi palepale unapolipia, kisha yakaipeleka serikalini. Kwenye maelezo ya usafirishaji tafuta herufi DDP: maana yake muuzaji amebeba ushuru na kodi zote mpaka mlangoni. Ukiona DAP, mzigo utafikishwa lakini tozo ni zako. Mimi ningelipa zaidi kidogo kwa DDP kuliko kukisia, maana kwa DAP kuna gharama ambayo haipo kwenye sheria yoyote ya kodi, nayo ni ada ya kampuni ya usafirishaji au posta kwa kukulipia ushuru kwanza na kushughulikia karatasi. Kwa kifurushi kidogo ada hiyo huweza kuzidi kodi yenyewe, na lawama zote huishia kwa forodha. Dai mchanganuo, uone kipi ni cha serikali na kipi ni cha msafirishaji. Na kama ulishatozwa kodi dukani, hifadhi risiti inayoonyesha hivyo, kwa sababu taarifa isipomfikia ofisa wa mpakani utadaiwa mara ya pili.

Watu hupenda kuuliza kama muuzaji anaweza "kuandika bei ndogo". Anaweza, na wengine hujitolea kabla hujaomba, au huandika kwamba ni zawadi. Thamani ya forodha kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani ni bei iliyolipwa kweli. Ofisa akitilia shaka ataomba uthibitisho wa malipo, na bei ya kitu hichohicho ipo wazi kwenye tovuti anayoweza kuifungua kwa simu yake. Ukigundulika, anayedaiwa ni mwagizaji, si muuzaji aliye mbali: kodi, faini, pengine na mzigo kushikiliwa. Zawadi inayosamehewa ni ile mtu anayomtumia mtu bila malipo. Ulaya, kwa mfano, ina kikomo cha euro 45. Ulichojinunulia mwenyewe hakigeuki zawadi kwa kuandikiwa hivyo. Lipo na la ziada ambalo wachache hulifikiria: mzigo wa dola 200 ulioandikwa dola 20 ukipotea njiani, fidia hutazama kilichoandikwa.

Punguzo halali, kwa upande mwingine, ni lako. Kama duka lilikupunguzia bei, thamani ni ile uliyolipa baada ya punguzo, mradi ankara iseme hivyo. Kitu kilichotumika nacho hutozwa, kwa thamani yake ya sasa. Kitu ulichopewa "bure" kufidia kilichoharibika kina thamani pia, kwa hiyo mwombe muuzaji aandike wazi kwamba ni mbadala wa dhamana. Na usishangae kiasi kikitofautiana kidogo na hesabu yako: forodha hutumia kiwango cha kubadilishia fedha kilichotangazwa rasmi kwa kipindi hicho, si kile cha benki yako.

Matapeli nao wanaijua safari hii yote. Ujumbe wa simu unaodai kiasi kidogo cha ushuru pamoja na kiungo cha kulipia umeenea sana, na unafanya kazi kwa sababu mara nyingi mtu kweli anasubiri kifurushi. Usibofye. Ingiza namba yako ya kufuatilia kwenye tovuti ya msafirishaji uliyoifungua mwenyewe; kama kuna deni la kweli, utalikuta huko.

Mwisho ni viatu vikikubana. Muuzaji akikurudishia bei, hakurudishii ushuru, kwa kuwa hakuupokea. Nchi nyingi zina utaratibu wa kuudai kutoka forodha ndani ya muda maalumu, lakini zinataka uthibitisho kwamba kilichotoka ndicho kilekile kilichoingia. Hati ya malipo ya ushuru, ankara, na karatasi ya usafirishaji wa kurudi ndiyo ushahidi wako. Kwa hiyo kabla hujakipeleka kifurushi posta, uliza forodha wanataka nini na kipitie wapi. Kikishaondoka bila kuandikishwa, ni vigumu sana kuthibitisha kwamba kiliondoka.