Je, wajua kwa nini vyuma vikikaza mzee wa Mufindi, mkoani Iringa, huuza miti michanga?

Tuanzie mbali. Mwaka 2000 mchumi Christopher Ruhm alionyesha jambo lililowashangaza wengi: huko Marekani, ukosefu wa ajira ukipanda, vifo kwa jumla hupungua. Mwaka 2015 Ann Huff Stevens na wenzake wakachimba wajue ni nani hasa wanaoponea hapo. Wakakuta wengi ni wazee, hasa wanawake, walioko kwenye nyumba za kutunzia wazee. Maelezo yao ni kwamba uchumi ukinoga wahudumu hukimbilia kazi zenye mshahara mzuri zaidi. Ukidorora, nyumba hizo hupata watu wa kutosha, na mzee anakuwa na wa kumwangalia.

Sasa panda Mufindi, au Rungwe mkoani Mbeya, uone hesabu hiyo inavyopinduka. Huku mhudumu wa mzee ni mwanawe aliyeko Makambako, Mbeya mjini au Dar es Salaam, anayetuma elfu ishirini kwa simu akipata. Mambo yakiwa magumu, hukatwa kwanza kile kisichodaiwa. Mwenye nyumba atagonga mlango, mama wa kijijini hagongi. Ukimpigia atakwambia, "Sisi huku wazima, mwanangu, pambaneni tu." Na usiku huo huenda amelalia uji.

Halafu fedha zikikoma kushuka kutoka mjini, watu huanza kupanda. Aliyepoteza kibarua hurudi nyumbani, au huleta watoto wakae na bibi "kwa muda". Muda huo nimeuona ukifika darasa la saba. Ukanda huu una mzigo wa ziada: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, juu kuliko mikoa mingine yote ya Bara. Wajukuu wengi walikuwa tayari wanalelewa na bibi kabla uchumi haujayumba.

Shamba nalo halimkingi. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuuzwa nje ya nchi, bei ikaporomoka Nyanda za Juu Kusini, na aliyekuwa na magunia ghalani akabaki anayatazama. Mwaka 2022 vita vya Ukraine viliposukuma bei za dunia, mfuko wa mbolea ulivuka shilingi laki moja, hadi Rais Samia alipozindua ruzuku palepale Mbeya, siku ya Nane Nane. Kijana anaweza kukopa au kuendesha bodaboda msimu upite. Mwenye miaka 72 hupunguza eka.

Ndipo tunafika kwenye miti. Mufindi na Njombe watu hupanda misindano kama wengine wanavyochangia mfuko wa pensheni: unapanda ukiwa na nguvu, unavuna uzeeni. Mti mzuri wa mbao unataka miaka kama kumi na minane, hata zaidi. Lakini dalali anajua msimu wa shida kuliko anavyojua mbao. Anakuja Januari, ada na sare zikidaiwa, miti ina miaka minane, anataja bei ya shamba zima likiwa limesimama. Mzee anapokea. Miaka kumi ya ukuaji iliyobaki imekwenda kwa bei ya daftari na dawa ya presha, na kwa umri wake hapandi tena akavuna mwenyewe.

Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii, awe aliajiriwa au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara tuna Sera ya Wazee tangu 2003, na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, hutazama kaya maskini, si umri. Elfu ishirini hainunui shamba la miti, najua. Ila inaweza kumfanya mzee amwambie dalali arudi mwakani.