Kabla hujaniandikia "anapiga tatu kwa asilimia 41", niambie mitupo yake huru

Juzi usiku nimetumiwa tena takwimu za gadi wa mpira wa kikapu (mchezaji wa nje, anayepandisha mpira) wa chuo cha Marekani, zimepigwa picha kwenye simu, na chini yake maneno yale yale: "Kaka, huyu anapiga tatu kwa asilimia 41. Unamwachaje nje ya kumi bora?" Kazi yangu ni kukata video za wachezaji wa NCAA, yaani mashindano ya vyuo, kabla ya drafti ya NBA, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana kwa zamu, na swali hili limenichosha. Acha nilijibu mara moja.

Msimu wa chuo una mechi thelathini na ushee. Gadi anayerusha "tatu", yaani mitupo ya mbali ya pointi tatu, mara tano kila mechi anamaliza na mitupo kama 160. Asilimia 6 ya 160 ni kama mipira kumi. Kumi! Yaani kati ya mrushaji wa asilimia 35, ambaye yuko kila mahali, na huyu wa 41 mnayemtukuza, tofauti ni mipira kumi iliyogonga chuma ikaingia badala ya kutoka. Jumamosi mbili nzuri zinatosha kuileta.

Mwaka 2017 Markelle Fultz wa Washington na Lonzo Ball wa UCLA walichaguliwa wa kwanza na wa pili. Wote walipiga tatu kwa asilimia 41 chuoni. Kwenye mitupo huru, ile anayopewa mchezaji aliyechezewa faulo, Fultz alikuwa na asilimia 65 na Ball 67. Msimu wake wa kwanza NBA, Ball alipiga tatu kwa asilimia 30 na mitupo huru kwa 45.

Kwenye mtupo huru hakuna mkono usoni wala saa inayokimbia, na umbali ni mita 4.57 kila siku. Ni mkono wake na kikapu tu. Asiyefika 70 pale, ile 41 naitilia shaka mpaka nione msimu mwingine.

Lakini nami sina uhakika wote. Fultz aliumia, na mishipa ya fahamu ya begani ikagundulika kuwa na matatizo; siwezi kusema kwa haki kwamba mitupo huru ilinitabiria kilichompata. Ball alibadilisha namna yake ya kurusha, na msimu wa 2021-22 akiwa Chicago akapita asilimia 42 kwenye tatu. Ndiyo maana siku hizi kijana wa namna hii simwandikii "hapana". Namwandikia "bado".

Wengine hukimbilia upande wa pili: basi anayepiga mitupo huru vizuri ndiye. Jimmer Fredette wa BYU alikaribia asilimia 90, akaongoza vyuo vyote kwa wastani wa pointi 28.9, akachaguliwa wa 10 mwaka 2011. NBA hakupata nafasi ya kudumu. Drafti hiyo hiyo, nafasi ya 60, ya mwisho kabisa, alikuwepo Isaiah Thomas, mtu wa mita 1.75. Msimu wa 2016-17 akiwa Boston, Thomas alimaliza na wastani wa pointi 28.9. Namba ile ile, ligi nyingine.

Kurusha ni kitu kimoja, kuipata nafasi ya kurusha ni kingine. Mimi nazima sauti ya video na kuangalia kiuno cha beki baada ya skrini (pale mwenzake gadi anaposimama kumzibia beki njia), ndani ya dundo mbili za kwanza. Je, kiuno kimegeuka? Bega la gadi limempita, au wanaenda sambamba mpaka kwenye mstari wa mwisho? Chuoni hakuna ile sheria ya NBA inayomzuia beki asiyemkaba mtu kukaa chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu, kwa hiyo senta, yule mrefu wa kati, anaweza kujiegesha hapo. Anayefika huko hata hivyo, namheshimu.

Na kuna kusimama. Jalen Brunson, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, alitwaa ubingwa wa vyuo mara mbili na Villanova, akachaguliwa wa 33 mwaka 2018. Nami niliandika "miguu mizito" na nikaendelea na mwingine. Nimerudia video zile mara nyingi tangu hapo. Anaingia ndani, anafunga breki kwa miguu yote miwili, beki anapitiliza, yeye anabaki peke yake na mpira. Ilikuwa pale tangu chuoni. Takwimu hazina safu ya kusimama, na mpaka leo sijui kuipima ila kwa macho.

Huyo wa juzi nimemwangalia mechi nne. Mitupo huru asilimia 66. Kipindi cha pili akichoka kiwiko kinatoka nje, mpira unagonga chuma cha mbele. Akiingia ndani lakini, anasimama vizuri sana.

Bado.