Maswali Tunayokuuliza Kabla ya MRI ya Ubongo

Wagonjwa wengi ninaowapokea kwa kipimo cha MRI ya ubongo huogopa tundu la mashine, ilhali mimi, kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, nimeogopa zaidi kile ambacho mgonjwa amesahau kunieleza mlangoni.

MRI haitumii eksirei kama CT-skani. Hutumia sumaku na mawimbi ya redio kupata picha kutokana na maji yaliyomo mwilini. Sumaku hiyo, ambayo katika mashine nyingi za hospitali ina nguvu ya tesla 1.5, yaani takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, hufanya kazi usiku na mchana, hata wakati hakuna anayepigwa picha. Ndiyo maana tunauliza, kisha tunauliza tena, kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu kwenye mshipa wa damu wa ubongo, au kipande cha risasi kilichobaki mwilini. Tunauliza pia kazi yako. Kijana mmoja alinihakikishia kuwa hana chuma chochote mwilini, lakini aliposema kuwa ni fundi wa kuchomelea nilimpeleka kwanza kupigwa eksirei ya macho, kwa sababu chembe ndogo ya chuma iliyojificha jichoni inaweza kusogezwa na sumaku na kumharibia uwezo wa kuona. Pini za ushungi, vibanio vya nywele za bandia na hirizi yenye kibati vyote hubaki nje. Nakuomba usione haya kuitaja hirizi, kwa maana hatuulizi ili kukuhukumu.

Ukishalala kitandani, kichwa chako huwekwa ndani ya koili, yaani kifaa cha kunasa mawimbi ya redio, kinachofanana na kofia ngumu iliyo wazi usoni, na mara nyingi juu yake huwa na kioo kidogo kinachokuwezesha kuona upande wa miguuni. Tunakupa vizibo vya masikio pamoja na mpira wa kubinya ili utuite wakati wowote. Kelele zitakazofuata, za kugonga na kuvuma, hutokana na koili nyingine, za nyaya zilizo ndani ya mashine, zinazotikisika umeme unapobadilishwa kwa kasi, wala si dalili ya hitilafu. Pumua na umeze mate kama kawaida, ila usigeuze kichwa, kwani picha ikitikisika hurudiwa. Kwa kawaida kipimo huchukua kati ya dakika 20 na 45.

Baadhi ya wagonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye gadoliniamu ili uvimbe au maambukizi yaonekane vizuri zaidi. Utahisi ubaridi mkononi, na mwenye ugonjwa wa figo atueleze mapema.

Ukitoka utaniuliza nimeona nini, nami sitakujibu. Sikufichi jambo: picha hizo ni mamia, na daktari wa radiolojia huzisoma kwa utulivu kabla ya kumwandikia ripoti daktari aliyekutuma.