Je, wajua? Yule mfalme mwenye ukoma alivaa kweli barakoa ya fedha?

Ukiitazama filamu ya Kingdom of Heaven ya mwaka 2005, unaweza kumsahau mhunzi aliye mhusika mkuu, lakini humsahau mfalme: kanzu nyeupe, sauti ya taratibu, na barakoa ya fedha isiyotoka usoni. Edward Norton aliigiza karibu sehemu yake yote akiwa nyuma ya chuma hicho. Mfalme mwenyewe, Baldwin wa Nne wa Yerusalemu, ufalme wa Wakristo kutoka Ulaya walioiteka nchi hiyo katika Vita vya Msalaba, alikuwepo kweli. Alizaliwa mwaka 1161, akatawazwa 1174 akiwa na miaka 13, akafa 1185.

Barakoa ndiyo ya kutunga. Aliyemwandika kwa karibu ni mwalimu wake, William, baadaye askofu mkuu wa Tiro, naye haitaji popote. Tena anasema kwamba maradhi yalishika zaidi mikono, miguu na uso, na watu wake wakimtazama huingiwa na huruma. Wangemhurumiaje kwa kutazama fedha?

William ndiye pia aliyegundua ugonjwa. Baldwin akiwa mtoto wa miaka kama tisa, alikuwa akicheza na wana wa wakubwa mchezo wa kufinyana na kukwaruzana mikono kwa kucha. Wenzake walipiga kelele. Yeye kimya. Kwanza mwalimu alidhani mtoto ni jasiri tu. Ilipojirudia mara kadhaa alimwita, akamkagua, akakuta mkono wa kulia umekufa ganzi. Hata umfinye vipi hasikii. Leo tunajua sababu: bakteria wa ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, na ganzi inaweza kutangulia vidonda kwa muda mrefu.

Kwa nini basi akaachiwa kiti? Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Uzia, mfalme wa Yerusalemu hiyohiyo, aliyepigwa ukoma akakaa katika nyumba ya peke yake mpaka kufa. Baldwin hakutengwa. Baba yake alipofariki ghafla hakuwa na mwana mwingine, na wakati huo dalili zilikuwa bado hazijajitokeza waziwazi. Zilipojitokeza, taji lilikuwa tayari kichwani.

Filamu inamchora kama mpenda amani aliyezungukwa na wapenda vita. Mimi naona alikuwa mtu wa hesabu zaidi. Mwaka 1177, akiwa na miaka 16, alitoka na jeshi dogo, askofu wa Bethlehemu akiwa amebeba kipande cha mti walichoamini ni cha msalaba wa Yesu, wakamvamia Salahuddin, sultani wa Kiislamu aliyekuwa adui wao mkuu, pale Montgisard kabla hajajipanga. Salahuddin akanusurika na kurudi Misri. Lakini mwaka 1180 mfalme huyohuyo alifunga naye mkataba wa kusitisha mapigano. Salahuddin alishika Misri na Damasko, kwa hiyo ufalme ule mwembamba wa pwani ulikuwa katikati ya koleo, na askari wake hawakutosha kupigana kila mwaka. Aliyemharibia ni mtu wake mwenyewe, Reynald wa Châtillon, bwana wa ngome ya Kerak, aliyevamia misafara ya wafanyabiashara na hata kupeleka meli za uporaji Bahari ya Shamu.

Mwishoni mwa 1183 Salahuddin akaizingira Kerak. Hapa filamu inampandisha mfalme farasi, anakutana uso kwa uso na Salahuddin, wanazungumza kiungwana, majeshi yanarudi nyuma. Ni tukio zuri, ila halikutokea. Baldwin alikuwa ameshapofuka, mikono na miguu haimtii, ikabidi abebwe kwenye machela. Alikwenda hivyohivyo, uongozi wa vita akamkabidhi binamu ya baba yake, Raymond wa Tripoli. Habari za jeshi kukaribia zilipomfikia Salahuddin, alivunja kambi akaondoka, na mfalme akaingizwa ngomeni akiwa amelazwa kwenye machela yake.