XPath: kumfikia mkulima ndani ya faili la XML

XPath ni lugha fupi ya kuelekeza njia ndani ya waraka wa XML, yaani faili la maandishi ambamo kila taarifa imefungwa ndani ya alama zenye majina. Mgeni akishuka stendi ya Mtwara mjini na kuulizia nyumba, humsimulii mkoa mzima. Unamwambia aende Shangani, afuate barabara ya pwani, atafute nyumba yenye mkorosho uani. XPath hufanya kazi hiyo hiyo: unataja njia, unataja alama ya kutambulia, kompyuta inakuletea kilichopo mwisho wa njia.

Nachukua mfano wa korosho, maana huku kwetu msimu ukifunguka Oktoba, maisha ya watu yanakaa kwenye namba za mizani. Tuseme kumbukumbu za mizigo ya stakabadhi ghalani (mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi) zimetunzwa hivi, namba zikiwa za mfano tu:

<msimu>
  <ghala wilaya="Newala">
    <mzigo daraja="1">
      <mkulima>A17</mkulima>
      <kilo>640</kilo>
    </mzigo>
    <mzigo daraja="2">
      <mkulima>B04</mkulima>
      <kilo>95</kilo>
    </mzigo>
  </ghala>
  <ghala wilaya="Masasi">
    <mzigo daraja="1">
      <mkulima>C22</mkulima>
      <kilo>1210</kilo>
    </mzigo>
  </ghala>
</msimu>

Huu ni mti. Msimu ni shina, maghala ni matawi, mizigo ni vitawi vyake. Kila kilichofunguliwa na kufungwa kwa alama kinaitwa elementi. Wilaya na daraja, vilivyoandikwa ndani ya alama ya kufungulia, ni atributi.

Njia kamili huanzia juu kabisa: /msimu/ghala/mzigo/kilo. Jibu lake ni kilo zote tatu. Ukiandika //kilo unapata jibu lile lile, kwa kuwa mikwaju miwili maana yake ni "popote ilipo". Ni rahisi kuandika, ila kwenye faili kubwa inaweza kuilazimu kompyuta kupekua mti mzima, kama mtu anayebisha hodi kila nyumba kuanzia Mikindani.

Nguvu yenyewe iko kwenye mabano ya mraba, ambamo tunaweka sharti. Alama ya @ hutaja atributi:

//ghala[@wilaya='Newala']/mzigo[@daraja='1']/kilo

Jibu ni 640. Na ukitaka wakulima walioleta zaidi ya kilo 500, andika //mzigo[kilo > 500]/mkulima, utapata A17 na C22. Angalia kwamba hatukueleza jinsi ya kutafuta, tumeeleza tu tunachokitaka. Njia pia hurudi nyuma: nukta mbili ni "panda kwa mzazi", kwa hiyo //mzigo[mkulima='C22']/../@wilaya inakujibu Masasi. Kujumlisha nako kumo: sum(//mzigo[@daraja='1']/kilo) inatoa 1850.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. XPath huhesabu kuanzia 1, si 0, hilo linazoeleka upesi. Lakini //mzigo[1] haimaanishi mzigo wa kwanza wa faili lote. Inamaanisha mzigo wa kwanza wa kila ghala, kwa hiyo unaletewa miwili, wa A17 na wa C22. Ukitaka mmoja tu, funga njia kwa mabano kwanza: (//mzigo)[1].

Toleo la kwanza, XPath 1.0, lilitolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tarehe 16 Novemba 1999, likihaririwa na James Clark na Steve DeRose, karibu miaka miwili baada ya XML yenyewe. Yamefuata mengine, 2.0 mwaka 2007 na 3.1 mwaka 2017, ila vivinjari na maktaba nyingi za programu bado zinatumia lile la 1999. Ndilo ninalolieleza hapa, na lina tabia moja inayonitia hofu: likikosa kitu, linanyamaza.

Niliwahi kukesha na karani wa chama kimoja cha msingi tukitafuta jumla iliyogoma kutoka. Badala ya kilo tuliletewa NaN, yaani "si namba". Chanzo kilikuwa mkato: mtu alikuwa ameandika 1,210 mahali pa 1210. Jumla angalau ilitushtua. Lile ulizo la kilo > 500 lisingetushtua hata kidogo, kwani "si namba" haizidi 500, na mkulima mwenye mzigo mkubwa kuliko wote angetoweka kwenye orodha bila neno la onyo. Mtu amepalilia, amepulizia dawa, ameokota mbegu moja moja, halafu anapotea kwa sababu ya mkato.

Herufi nazo zina ukali wake: //Kilo si //kilo, na jibu linakuja tupu. Vilevile faili likiwa na tamko la xmlns (linaloonyesha alama zake ni za kundi gani) kwenye shina, //kilo haitaona kitu mpaka uiambie programu yako kiambishi cha tamko lile, kisha uandike, kwa mfano, //k:kilo.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka orodha popote, mimi huuliza kwanza count(//mzigo), nikalinganisha na idadi ya stakabadhi zilizokatwa. Kisha huuliza //mzigo[not(number(kilo) > 0)]/mkulima. Ulizo hilo huwaleta wote ambao kilo zao hazipo, ni sifuri, au zimeandikwa vibaya, na mmoja mmoja narudi naye kwenye daftari la mizani.