Kufunga kipepeo cha mapambo kwa vipande vya kitenge na mifuko mbadala

Katika kazi yangu ya kupamba sherehe hapa Kigoma, ninaulizwa mara nyingi ninanunua wapi utepe, na wanaouliza hushangaa ninapowajibu kwamba vipepeo, yaani mafundo yenye mabawa mawili na mikia miwili, wanavyoviona kwenye viti vya sendofu na masanduku ya zawadi nimevifunga kwa vipande vya kitenge walivyoviweka pembeni mafundi cherehani wa Mwanga, na vingine kwa mifuko mbadala iliyokatika mishikio. Utepe wa dukani nauheshimu, ila uzuri wa kipepeo unategemea mambo mawili tu: kitu ulichotumia kiwe na ugumu wa kuyasimamisha mabawa, na mkono wako ubadilishe upande katika msokoto wa pili.

Hili la pili ndilo huwashinda wengi. Weka sanduku mbele yako, pitisha kitambaa chini yake, kisha lete ncha mbili juu. Ncha ya mkono wa kulia ipite juu ya ile ya kushoto, izame chini yake, uvute mpaka kitambaa kibane. Ukitazama vizuri utaona kwamba ncha iliyoanzia kulia sasa imehamia kushoto, nayo ndiyo iliyotokea upande wa juu wa fundo. Ile nyingine, iliyo kulia, ikunje iwe bawa la kwanza na ulishike kwa vidole viwili karibu kabisa na fundo. Sasa ishushe ncha ya juu mbele ya bawa hilo, izungushe nyuma yake, usukume mkunjo wake katika tundu dogo lililobaki chini ya kidole gumba, nao uwe bawa la pili. Msokoto wa kwanza umekwenda kulia juu ya kushoto, wa pili kushoto juu ya kulia, na kwa sababu hiyo mabawa yanalala sawa, kulia na kushoto kwa fundo. Anayerudia kulia juu ya kushoto mara zote mbili hupata kipepeo kinachosimama wima, na hata akikinyoosha kitarudi kule kule. Ndiyo kasoro inayofungua kamba za viatu vya watoto njiani. Kaza kwa kuvuta mabawa, maana ukivuta mikia kipepeo chote kinafunguka.

Urefu usiukisie. Kila bawa linakula kitambaa mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo kipepeo chenye upana wa sentimita 15 kinahitaji sentimita 30 za mabawa, 30 nyingine za mikia miwili, na kama 10 za fundo. Jumla ni sentimita 70, mbali na kitambaa kitakachozunguka sanduku lenyewe.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, nyumba nyingi zina rundo la mifuko mbadala, na kwangu mimi hiyo ni mali. Kitambaa chake hakikufumwa, nyuzi zake zimegandamanishwa, hivyo ukikikata kwa mkasi hakichanuki pembeni, na ugumu wake huyasimamisha mabawa bila msaada. Kata pande zisizo na mshono wala maandishi. Pasi usiisogeze karibu, kwa kuwa asili yake ni plastiki na itayeyuka.

Kitenge kina rangi zinazoushinda mfuko wowote, lakini kinadai maandalizi. Kipande cha upana wa sentimita 10 ninakikunja kingo zikutane katikati kwa ndani, nikipata utepe wa sentimita 5 usioonyesha nyuzi, na ncha za mikia nazikata mshazari ili zisichanuke upesi. Kikiwa laini kwa kufuliwa, ninakitia wanga: kijiko kikubwa cha unga wa muhogo, ambao hauadimiki katika jiko la Kigoma, nakikoroga katika maji baridi kidogo, namimina juu yake nusu lita ya maji yanayochemka huku nikikoroga, narudisha jikoni mpaka uwe uji mwepesi unaong'aa, kisha nauchuja. Kitambaa kinachovywa humo, kinakamuliwa, na kupigwa pasi kingali na unyevu. Kikikauka kabisa kabla ya pasi, mikunjo yake haitoki vizuri.

Kwa vikapu na chupa za asali napendelea gamba kavu la mgomba, linalopatikana kwa wingi Kasulu na Buhigwe. Lilowanishe kwanza, kwa sababu likiwa kavu linapasuka kwenye fundo.

Viti vinahitaji kitambaa kirefu, takribani mita 2.7 kwa upana wa sentimita 15 hadi 18, na vipande vya fundi ni lazima viungwe. Panga viungio viangukie upande wa mbele wa kiti, mgongo wa mgeni utavifunika, ili kipepeo kinachotazama ukumbi kisiwe na mshono. Sherehe ikiwa nje karibu na ziwa, ninafupisha mikia na kupitisha uzi wa rangi ile ile nyuma ya fundo, kwa kuwa upepo wa ziwani huanza kwa kuinua mikia, na mkia uliovutwa ndio unaolifungua bawa.