Kupima homoni ndani ya ubongo ulio hai

Mama akishajifungua, hapa Pemba kama kwengine, hudungwa sindano ya oksitosini pajani ili tumbo la uzazi lijikaze na damu isimwagike. Jirani yangu wa Wete alisikia kwamba hiyo ndiyo "homoni ya mapenzi", akaniuliza: "Basi wakinitoa damu wataijua nnavyompenda mwanangu?" Nikamwambia, "La, bibie, damu haifiki huko." Swali lake limenikaa moyoni, kwani wataalamu nao limewahangaisha miaka mingi.

Oksitosini hutengenezwa ubongoni, katika haipothalamasi. Ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, 9 tu. Nyengine hushuka kwenye tezi ya pituitari, ikaingia damuni na kufika kwenye tumbo la uzazi na matiti. Nyengine humwagwa humo humo ubongoni, seli zikapashana habari, na kwa kazi hiyo huitwa neuropeptidi. Baina ya damu na ubongo pana kizuizi ambacho peptidi hukipenya kwa shida sana. Tena seli zaweza kuimwaga ubongoni na damuni isiongezeke kitu. Anayepima damu tu amekaa barazani, naye anataka kujua kinachosemwa uani.

Njia ya kuingia ndani ni mikrodayalisisi, yaani kuchuja maji ya ubongo kwa mrija mwembamba. Ukichuja nazi, kifumbu hupitisha tui na kuzuia chicha. Ncha ya mrija huu ina utando wa namna hiyo, unaopitisha molekuli ndogo na kuzuia protini kubwa. Mrija hutiwa kwenye ubongo wa panya, kisha ndani yake hupitishwa maji ya chumvi yaliyo mfano wa maji ya ubongo, mikrolita 1 au 2 kwa dakika. Tone moja la maji ni mikrolita 50 hivi, kwa hiyo kulipata huchukua karibu nusu saa au zaidi. Na neuropeptidi ni haba mno, huhesabiwa kwa pikomola, yaani sehemu za trilioni za mola, hivyo hapana budi kungoja. Tone likijaa, panya keshanyonyesha na wanawe wamelala.

Ndiyo maana mimi nafurahishwa zaidi na vitambuzi vya mwanga. Seli za ubongo wa panya hutiwa jeni ya kipokezi cha homoni, yaani protini ya seli ambayo homoni huishika, kilichounganishwa na protini inayong'ara, ambayo asili yake ni yavuyavu, huyu konyeza wa baharini. Osamu Shimomura, aliyeigundua protini hiyo, alikuwa miongoni mwa washindi wa Nobel ya Kemia mwaka 2008. Oksitosini ikishika kipokezi, mwanga huzidi, na uzi mwembamba wa kioo huuchukua hadi kwenye mashine. Hapo mtu huona mabadiliko kwa sekunde.

Binadamu hatutiwi jeni hizo. Kwetu hutumika picha za PET, za mashine inayoona mionzi itokayo mwilini: mtu hudungwa kemikali yenye kaboni-11, kaboni yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kila dakika 20, nayo kemikali hiyo hushika vipokezi vya opioidi, vile vinavyoshikwa na dawa kama mofini. Ubongo ukimwaga endofini zake, ambazo nazo ni neuropeptidi, hizo hukalia vipokezi, na kemikali ile huonekana kupungua mahali hapo.